Roelfien na Chenga za Wanga

Nianze na maharage, maana watu wa hapa Barnewijk, kijiji chetu cha Uholanzi, wakimsimulia Roelfien Hadders huanza na chuo kikuu na magari ya wageni, kana kwamba mwanamke huyu aliamka siku moja akatamani sifa. Uongo mtupu. Yalianza na maharage.

Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na mfereji mmoja mwembamba. Sisi ni majirani wa kwanza, na huku kwetu jirani wa kwanza si mtu wa kupungiana mkono tu dirishani. Ndiye anayeitwa mtu akizaa, ndiye anayekuja ng'ombe akikwama topeni, na mtu akifa ndiye anayeshika kila kitu. Nimeishi naye hivyo tangu sote wawili tuko mabibi harusi, kwa hiyo asije mtu kunifundisha habari za Roelfien.

Mwaka ule alikuwa akimwagilia bustani yake kwa maji ya mfereji, kama mama mkwe wake alivyofanya maisha yake yote. Wubbe, mumewe, alikuwa amepiga dawa ya magugu kwenye shamba la vitunguu, na kesho yake ikanyesha mvua ya kuvunja mwavuli. Udongo wetu ni mchanga mtupu, haushiki kitu. Dawa ikateremka yote mferejini, Roelfien akachota, akamwagilia. Siku chache baadaye maharage yalikuwa yamekunjamana majani, manjano tupu. Na kule kwenye vitunguu? Magugu yakachipua kwa raha zake, maana dawa ya kuyazuia ilikwishaondoka.

Akaja kwangu na mche mmoja mkononi, mizizi ikining'inia.

"Fenna, ona. Nimeyaua kwa mkono wangu mwenyewe."

"Si upande mengine, dada."

"Na samaki je? Na bata? Nao nipande wengine?"

Nikauchukua ule mche, nikaugeuza geuza mkononi.

Jioni hiyo alimwapia Wubbe kwamba bomba la dawa halitakanyaga tena shamba la kando ya mfereji. Wubbe alikuwa mtu wa mizaha, hata kuumwa meno alikufanyia mzaha. Akamjibu, "Sawa, mama. Tutapalilia kwa meno." Lakini alijua kwamba jambo lenyewe si la kuchekea. Kitunguu ni mmea goigoi, majani yake hayatoi kivuli, na magugu hukipanda kichwani tangu kinachipua mpaka kinang'olewa. Watu wawili wenye mvi hawawezi kupalilia shamba lile kwa mkono. Ama wapate njia nyingine, ama wamkodishie mtu shamba la baba yake Wubbe, na huyo mtu angeingia na bomba lake siku ileile. Kwa Roelfien hayo ndiyo yaliyokuwa mezani, na mpaka mwisho hayakubadilika.

Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha wanga wa viazi, kama nusu ya wasichana wa mifereji hii. Basi aliposoma gazetini kwamba daktari mmoja wa kemia wa chuo kikuu cha Groningen anataka kuifunga dawa ya magugu ndani ya wanga, ili itoke kidogo kidogo, na anatafuta mkulima wa kujaribu naye, alipanda treni siku hiyohiyo. Hakupiga simu. Alisema kwenye simu ni rahisi mtu kukukatalia.

Daktari mwenyewe, Sietske Postma, ni Mfrisia, mtu wa pwani ya kaskazini, mrefu, mkaidi kama mlango uliovimba. Saa ya kwanza waligombana, saa ya pili wakala pamoja. Ushirika wa wakulima wa viazi ukawaazima tanuri la kukaushia, likawekwa kwenye banda la zamani la ng'ombe, na pale ndipo walipokuwa wakipika. Wanga unapikwa na dawa ndani yake mpaka unakaza kama ugali, unaminywa, unakaushwa, unavunjwa vunjwa. Zinazobaki ni chenga, hasa kama chenga za mchele. Ukizitia ardhini zinanyonya maji, zinavimba, na dawa inatoka humo taratibu, ya leo leo, ya kesho kesho. Mvua ikija kwa pupa haikuti dawa yote imelala juu ikiisubiri. Na kwa kuwa haipotei, huhitaji kutia nyingi. Sietske alinieleza hivyo akiwa na glavu mpaka kwenye viwiko, nami nikaelewa mara moja, ingawa Egbert, mume wangu, anadai ni yeye aliyenifafanulia.

Mwaka wa kwanza walipata uji. Chenga zilivimba kwa mvua ya kwanza, zikatapika dawa yote siku moja. Mwaka wa pili zikatoka ngumu kama kokoto, hazikuachia kitu, na magugu yakastawi juu yake kama yaliyotiwa mbolea. Watu walicheka, jamani! Kwenye kahawa baada ya kanisa walimuuliza Wubbe kama mke wake anapika dawa au anapika chakula cha kuku. Roelfien alikuwa amesimama hapohapo na kikombe chake.

"Kuku hawakitaki," akawajibu. "Tumejaribu."

Mimi ningemwagia mtu kahawa. Yeye alirudi bandani. Wakabadilisha moto, wakabadilisha kipimo cha maji, wakagombana upya. Ushirika ukatoa neno: mwaka wa tatu ni wa mwisho. Kamati yake ikija shambani ikaona kwa macho yake kwamba chenga zinafanya kazi, kiwanda chake cha wanga kitazitengeneza. Isipoona, tanuri lirudi.

Mwezi wa nne Wubbe alitia chenga mwenyewe, akitembea polepole na kisanduku cha kumwagia mbegu za nyasi kifuani, akizungusha mpini wake, akipiga mluzi. Kando ya barabara waligawa vipande vitatu. Cha kwanza hakikutiwa dawa kabisa. Cha pili kilipigwa dawa ya bomba, mara moja tu na kwa ajili ya kulinganisha, upande ulio mbali na maji. Hata hiyo Roelfien alikubali kwa shingo upande. Cha tatu ni cha chenga, dawa ileile. Bila kile cha kwanza, Sietske alisema, hakuna atakayejua kama magugu yamezuiwa na chenga au hayakutaka tu kuota.

Sasa nimtaje Egbert vizuri, maana inabidi. Egbert wangu ni mtu msafi mpaka anakera. Hufagia uani Jumamosi hata kama alifagia Ijumaa, na jani la mti wa jirani likiangukia kwetu hulirudisha kwao. Si yeye peke yake. Huku kwetu shamba chafu ni sawa na kutoka nje bila suruali. Kile kipande kisicho na dawa kilipoanza kuota magugu ya magotini, pale pale barabarani, mchicha mwitu umesimama kama msitu, Egbert alikuwa akipita na baiskeli huku akitazama upande mwingine.

"Wubbe, jembe lako limeibiwa?" alimuuliza siku moja.

"Napenda maua," Wubbe akamjibu.

Hakueleza zaidi ya hapo! Ndivyo alivyokuwa, ukimuuliza jambo la maana anakupa mzaha. Na Egbert akaondoka akidhani kipande kile kimewashinda, uzee umewafika, na wanaona haya kusema. Mimi hakuniuliza, nami sikujua kwamba hajui.

Mwezi wa sita Wubbe alikwenda kuwafungulia kuku, hakurudi. Moyo.

Mimi nilikuwa mjini Zwolle kwa binti yangu aliyejifungua, nikafika asubuhi ya mazishi. Kwetu mtu akifa, mjane hashiki hata birika. Wanawake majirani wanaingia jikoni mwake, wanachemsha kahawa, wanakata mkate wa zabibu. Wanaume wanapita nyumba kwa nyumba kutoa habari, wanalibeba jeneza, na kama marehemu ni mkulima wanampitisha kwenye shamba lake aliage. Jeneza la Wubbe liliwekwa kwenye mkokoteni mweusi, Egbert akashika mbele kama jirani wa kwanza, nami nikamshika Roelfien mkono nyuma yake. Tukashuka kando ya mfereji taratibu.

Tulipofika kwenye vitunguu, mkono wake ulikaza ndani ya wangu mpaka nikaumia. Akasimama. Msafara wote ukasimama.

Vipande vyote vitatu vilikuwa safi. Hapakuwa na jani. Mistari ya vitunguu imenyooka, udongo katikati umechambuliwa kama wa bustani ya mchungaji. Huwezi kujua kipi kilitiwa nini. Kazi ya miaka mitatu, na kamati inakuja baada ya wiki mbili!

"Nani kapalilia hapa?" Roelfien akauliza.

Egbert aligeuka. Alikuwa na uso wa mtoto aliyeosha vyombo bila kutumwa.

"Sisi, Roelfien. Wanaume wa mfereji mzima, jana tangu alfajiri. Hatukutaka Wubbe apite kwenye majani."

Nilisubiri apige ukelele. Haki ya Mungu, mimi ningepiga. Roelfien aliniachia mkono, akaenda mbele, akawapa mkono wote walioshika mkokoteni, mmoja mmoja, kama tunavyofanya kanisani.

"Asanteni," akasema. "Wubbe angefurahi kuwaona mmeinama namna hiyo."

Wakacheka kidogo, machozi yakiwatoka, na tukaendelea. Aliporudi kunishika mkono vidole vyake vilikuwa baridi kabisa. Nimewaona watu wengi wakifanya mambo ya kiungwana, wengi wao wakiangalia nani anawaona. Huyu alikuwa akizika mume na kazi yake siku moja, na bado akaona haifai mtu aliyepinda mgongo kwa mapenzi arudi nyumbani na aibu.

Mimi sina uungwana huo. Nilimsubiri Egbert jikoni.

"Umefanya nini, wewe mzee?"

"Nimefanya nini? Nimefanya ujirani."

"Yale magugu ndiyo yaliyokuwa ushahidi, Egbert! Yaliachwa makusudi! Kamati itakuja kuangalia nini sasa, usafi wako?"

Nikamweleza. Akakaa chini akiwa bado na kofia kichwani ndani ya nyumba, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. "Aliniambia anapenda maua," alisema. Basi. Chakula hakukigusa.

Asubuhi hakuwemo kitandani. Nikatazama dirishani, nikamwona anavuka daraja letu dogo na toroli. Nikavaa viatu nikamfuata. Toroli limejaa magugu, yamechimbwa na udongo wake, mchicha mwitu mrefu mrefu kutoka kwenye kingo za barabara. Kumbe amezunguka kijiji kizima. Roelfien alikuwa ametoka mlangoni na nguo zake nyeusi.

"Nitayapanda," Egbert akasema. "Yote. Niambie tu yalikuwa yamesimama wapi. Nitayamwagilia. Kamati ikija yatakuwa yameshika."

Roelfien alitazama toroli, akamtazama Egbert, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ukuta, halafu kicheko kikageuka kilio, nikamkumbatia, na Egbert akabaki ameshika mishikio ya toroli hajui aweke wapi macho.

"Hapana, Egbert," alisema alipopata pumzi. "Nikiwaonyesha magugu ya kupandwa, na chenga nazo watasema ni za uongo. Nitawaambia ilivyokuwa."

"Watalichukua tanuri."

"Walichukue. Lakini sitamdanganya mtu kwa jina la Wubbe."

Kamati ikaja. Mwenyekiti wa ushirika, Tiddo Bolhuis, ni mtu mnene, mwenye haraka, mwenye mashamba ya viazi yasiyoisha. Alisimama barabarani akakagua kushoto, akakagua kulia.

"Nani kapalilia hapa?" akauliza.

"Majirani zangu, kwa heshima ya mume wangu," Roelfien akasema. "Vyote vitatu. Sina cha kuwaonyesha leo, bwana mwenyekiti, na sitaki mtu awaseme vibaya waliofanya hivyo."

Egbert alikuwa nyuma yangu.

"Mama, pole kwa msiba. Lakini vitunguu safi viko hata kwangu. Mimi niandike nini, nimeona usafi?"

Hapo Sietske, aliyekuwa amechuchumaa akifikicha udongo, akainuka. "Vimepaliliwa siku moja?"

"Siku moja," Egbert akasema.

"Kwa majembe yaleyale? Kina kilekile?"

"Juujuu tu, daktari. Hatukuvigusa vitunguu."

"Basi vimeanza upya, sawa kwa sawa," Sietske akamwambia mwenyekiti. "Mbegu za magugu zimejaa humu. Mvua ikinyesha zitaota popote ambapo dawa imekwisha. Kama chenga bado zina dawa, tutaona. Na pengine jembe limeziharibu, sijui. Sikuahidi. Nipe mpaka vitunguu vikomae, majani yaanze kulala."

Mwenyekiti akatazama saa, akatazama nguo nyeusi za Roelfien, akakuna shingo. "Mpaka vilale," akasema. "Siku moja zaidi, hapana."

Na mvua ikagoma! Sisi tunaolalamikia mvua mwaka mzima tukaanza kuitazamia kama mgeni wa harusi. Roelfien alikuwa akivuna vitunguu vya bustani, akilisha kuku wa Wubbe, akifua, na kila asubuhi anafika kwenye vipande vile, anatazama, anarudi. Sikumsikia akilalamika. Mara moja tu aliniambia, tukimenya viazi, "Fenna, nikilikodisha shamba sitaweza kukaa kwenye lile dirisha." Lile dirisha la jikoni ndilo linalotazama mfereji.

Mwezi wa saba ukiwa umekwishaanza kuzeeka, ikanyesha. Ilinyesha mchana kutwa, mvua nzuri ya kulowesha. Baada ya hapo Egbert ndiye aliyehamia kule. Alibeba kiti. Yule mtu ambaye hawezi kupita jani bila kuinama, sasa anakaa kando ya kipande cha kwanza anayachunga magugu! Njiwa wakitua anawafukuza. Mpita njia akisema, "Egbert, panaota majani hapo," anajibu kwa ukali, "Niache, yana kazi." Mikono alikuwa anaikalia. Nilimwonea huruma, ingawa sikumwambia.

Vitunguu vilipoanza kulaza majani, mwenyekiti akarudi. Hakuhitaji kuelezwa kipi ni kipi. Cha kwanza kilikuwa kichaka tena. Cha pili, kile cha bomba, kilikuwa kichaka vilevile, huenda magugu yake mafupi kwa kiganja kimoja tu. Dawa yake ilikwishakwenda na mvua za masika. Na cha tatu kilikuwa udongo mtupu na vitunguu vimelala juu yake, vinene, vinang'aa ganda. Mpaka ulikuwa umenyooka kama uliokatwa kwa kisu.

Mwenyekiti alitembea mpaka mwisho wa kipande, akarudi. Akainama kwa shida akapapasa udongo, akitafuta alama za jembe. Halafu akamnyooshea Egbert kidole.

"Wewe ndiye bwana usafi. Umekipalilia hiki."

"Sijakigusa!" Egbert akaruka kutoka kitini. "Nimekaa hapa kama mbwa wa mlangoni! Muulize mke wangu, muulize mtu yeyote!"

"Hajakigusa," nikasema. "Nami namfahamu, ilimuuma."

"Mama Roelfien, ni wewe?"

"Si mimi."

"Basi nani kapalilia hapa?"

Roelfien alichuchumaa. Akachimba kwa kidole kati ya vitunguu viwili, akatafuta, akatoa chenga moja iliyovimba, laini, rangi ya udongo. Akauchukua mkono wa mwenyekiti akaiweka kiganjani.

"Wubbe," akasema. "Alizitia mwezi wa nne. Bado hajamaliza."

Mwenyekiti aliikunja ile chenga kwenye leso yake, akaitia mfuko wa shati, akasema kiwanda kitazitengeneza kabla ya masika. Egbert alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili kifuani, na safari hii hakuyakwepesha macho yake kutoka ile sehemu yenye magugu.